Mkopo wa nyumba wa kulipa riba tu Uingereza: jinsi ya kuupima kabla hujasaini

Chukua mkopo wa pauni 200,000, miaka 25, riba asilimia 5. Kuna njia mbili za kuulipa. Ya kwanza, kila mwezi unalipa riba pamoja na kipande cha deni lenyewe. Rejesho ni pauni 1,169, na mwaka wa 25 ukiisha hudaiwi kitu. Ya pili, unalipa riba peke yake. Rejesho ni pauni 833, na siku muda unapoisha bado unadaiwa pauni 200,000, hazijapungua hata senti, na benki inazitaka zote kwa mkupuo.

Hii ya pili kwenye fomu utaiona imeandikwa "interest-only". Tofauti yake na ile ya kwanza ni pauni 336 kwa mwezi, na kwa sisi tunaoishi huku hiyo si hela ndogo. Ni ada ya mtoto na dawa za mama kule nyumbani. Ndiyo maana watu wanaikimbilia, na sipendi wanapoambiwa kwamba ni wajinga. Mimi ni mhasibu hapa Leicester, na jamaa wa Tanga, Unguja, Mombasa, wengine wa Goma, hunipigia jioni: "Dada, nitazamie hii barua." Nimezitazama nyingi, na ninachokiandika hapa ndicho ninachowaambia mezani.

Neno moja kwanza kwa ndugu zangu Waislamu ambao riba hawaigusi. Zipo taasisi hapa Uingereza zinazotumia musharaka inayopungua: wewe na benki mnanunua nyumba kwa ubia, unailipa benki kodi kwa ile sehemu yake, na kidogo kidogo unainunua hiyo sehemu mpaka nyumba iwe yako. Hapo hakuna mkopo wa riba. Lakini ukipewa mpango wa kulipa kodi tu bila kununua sehemu ya benki, swali nitakaloliuliza hapa chini linakuhusu na wewe.

Anzia mwisho

Swali lenyewe ni hili: siku ya mwisho, zile 200,000 zitatoka wapi? Usianze na rejesho la mwezi, wala na kiwango cha riba, wala na kama nyumba ni nzuri. Andika jibu kwenye karatasi, kwa pauni, pamoja na mwaka. Ukishindwa kuandika, umeshapata jibu lako kuhusu mkopo huu.

Benki nayo itakuuliza hivyohivyo. Tangu tarehe 26 Aprili 2014, kanuni za FCA, mamlaka inayosimamia mikopo ya nyumba nchini humu, zinaitaka benki ihakikishe kwamba una mpango wa kuaminika wa kulipa deni lenyewe kabla haijakupa mkopo wa riba tu. Mipango inayokubalika huwa ni akiba na hisa zilizomo kwenye ISA (akaunti ya akiba au uwekezaji ambayo faida yake haikatwi kodi), kiinua mgongo cha pensheni, kuuza nyumba nyingine, au kuuza hiyohiyo unayokaa na kuhamia ndogo, ikiwa sehemu yako ndani yake ni kubwa ya kutosha. Kusema "bei za nyumba zitapanda" si mpango. Urithi unaoutarajia lakini huna uhakika nao pia si mpango.

Hapa watu wetu huniuliza kuhusu vitu viwili. Cha kwanza ni kiwanja cha Kigamboni au nyumba ya Nyali. Benki nyingi za hapa hazikipokei kama mpango, na hata wewe mwenyewe nakushauri usikipokee. Deni lako ni la pauni, kiwanja ni cha shilingi, na kati ya hivyo viwili kuna miaka 25 ya kupanda na kushuka kwa fedha, kuna hati, na kuna ndugu wanaoishi juu ya hicho kiwanja. Cha pili ni mchezo, upatu, chama, kila mtu na jina lake kwao. Mchezo ni jambo jema na umewajengea wengi, lakini zamu yako ya pauni elfu tano haiwezi kukaa upande wa pili wa mizani na laki mbili.

Pensheni nayo ipigie hesabu vizuri. Kwa akaunti za kawaida za pensheni unaruhusiwa kutoa robo bila kukatwa kodi ya mapato, na kikomo cha jumla ni pauni 268,275. Robo ni robo: ili robo hiyo iwe 200,000, akaunti lazima iwe na 800,000. Mwenye 160,000 atapata 40,000. Na umri wa kuigusa, ambao umekuwa 55, unapanda hadi 57 kuanzia Aprili 2028. Mtu anayepanga kulipia nyumba kwa pensheni lazima ajue pia kwamba uzee wenyewe atauishi kwa kitakachobaki.

Unaokoa kiasi gani, na unalipa kiasi gani zaidi

Ukilipa 833 kila mwezi kwa miaka 25, utakuwa umetoa riba ya pauni 250,000, kisha unatoa 200,000 za deni. Jumla 450,000. Yule aliyelipa 1,169 atakuwa ametoa kama 351,000 kwa jumla. Tofauti ni karibu pauni 99,000. Sababu yake iko wazi: deni lake yeye linashuka, kwa hiyo na riba yake inashuka. Baada ya miaka 5 tu anadaiwa kama 177,000, wakati wewe uko palepale.

Dalali wa mikopo atakwambia, na hasemi uongo, kwamba zile 336 ukiziwekeza kila mwezi unaweza kutoka sawa au hata kupata faida. Hesabu yake ni rahisi kuikumbuka: ili 336 kwa mwezi zifike 200,000 ndani ya miaka 25, lazima zizae asilimia 5 kwa mwaka, yaani kiwango kilekile cha mkopo wako, baada ya kutoa ada zote. Zikizaa zaidi, umefaulu. Zikizaa asilimia 3, siku ya mwisho unashika kama 150,000 na unadaiwa 200,000. Pengo la 50,000 ukiwa na umri wa miaka 60 na kitu si jambo la kulala nalo usingizi. ISA inakusaidia kwa sababu faida yake haikatwi kodi na unaweza kuweka hadi pauni 20,000 kwa mwaka, lakini soko la hisa halimwahidi mtu.

Waingereza wenyewe walishaonja. Miaka ya 1980 na 1990 familia nyingi ziliuziwa mikopo ya riba tu iliyofungwa pamoja na bima ya maisha yenye akiba ndani yake. Waliambiwa kwamba bima ikikomaa italipa nyumba na chenji itabaki. Soko likaleta mapato madogo kuliko makadirio, na kampuni za bima zikaanza kutuma barua za rangi: kijani uko salama, njano kuna hatari, nyekundu hatari ni kubwa, pesa hazitatosha. Waliotii ushauri ndio walioumia, na hawakuwa wavivu: kila mwezi walilipa riba, na kila mwezi walilipa bima.

Kuna faida moja ya kweli ambayo watu hawaitaji sana, nayo ni mfumuko wa bei. Deni la 200,000 leo ni mzigo mzito, lakini bei zikipanda asilimia 2 kila mwaka, lengo ambalo Benki Kuu ya Uingereza imewekewa, baada ya miaka 25 hizo 200,000 zitakuwa na uzito wa kama 122,000 za leo. Ni hoja yenye nguvu, kwa sharti kwamba mshahara wako nao unapanda. Nesi ambaye ongezeko lake haliufikii mfumuko hafaidiki nayo.

Riba ikipanda, nani anaumia zaidi

Hili ndilo lililowashtua wengi, na naomba ulisome polepole. Mwanzoni mwa Desemba 2021 riba ya Benki Kuu ilikuwa bado asilimia 0.1. Kufika Agosti 2023 ilikuwa 5.25. Tuseme mkopo wako wa 200,000 ulikuwa wa asilimia 2, kisha ule muda wa riba isiyobadilika ukaisha, na benki ikakupa asilimia 6. Ukiwa kwenye riba tu, rejesho linatoka pauni 333 hadi 1,000. Mara tatu. Mwenye kulipa riba na deni, kwa mkopo uleule wa miaka 25, anatoka kama 848 hadi 1,289. Na yeye anaumia, lakini ni mara moja na nusu.

Kwa hiyo lile rejesho dogo linalokuvutia ndilo linaloruka zaidi. Ukipanga maisha yako yote kwa ile 333, ukachukua na gari la mkopo juu yake, hakuna pa kupunguza. Kabla hujasaini, piga hesabu ya rejesho lako kwa asilimia 3 zaidi ya unayopewa, kisha uone kama jikoni kunapikika.

Barua moja

Mama mmoja wa Mombasa, nesi mstaafu, aliniletea faili la makaratasi ya marehemu mumewe. Ndani yake taarifa za benki za kila mwaka zilipangwa kwa utaratibu mzuri kabisa, moja juu ya nyingine, kila moja ina alama ya vema kwa kalamu ya kijani pembeni mwa rejesho la mwezi. Mzee alikuwa akihakiki kwamba kila mwezi kalipa, na kweli hakukosa hata mmoja. Lakini mstari wa chini, ule wa deni lililobaki, ulisema pauni 86,500 kwenye taarifa ya kwanza. Nikafunua ya pili: 86,500. Nikaendelea kufunua. Mama alikuwa akinitazama usoni, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona namba haisogei?" Yeye miaka yote aliamini nyumba inakaribia kwisha.

Benki ilimwongezea muda, akauza kwa utulivu, akalipa, akanunua fleti ndogo karibu na binti yake. Hakuachwa barabarani. Lakini alihama nyumba aliyozikia mume na kulelea watoto, na hakuwahi kuambiwa kwamba siku hiyo itakuja. Ndiyo maana nawaomba bwana na bibi msome karatasi hizi pamoja. Kama mkopo una majina mawili, deni lina watu wawili, na anayebaki ndiye atakayeulizwa.

Leo hii toa taarifa yako ya mwaka, tafuta ule mstari wa deni lililobaki, ulinganishe na wa mwaka jana. Kama hukukopa zaidi, hukukosa rejesho, na namba haijasogea, uko kwenye riba tu, hata kama hukumbuki kuichagua.

Unapofaa, kwa maoni yangu

Kwa nyumba ya kupangisha, wenye nyumba wengi hapa wanatumia riba tu, na mantiki ipo: mpangaji analipa kodi, unalipa riba, mwisho unauza nyumba na kulipa deni, na watoto wako hawalali humo. Ila usihesabu faida kwa macho. Tangu Aprili 2020 huwezi tena kutoa riba ya mkopo kwenye mapato ya pango kabla ya kukatwa kodi ya mapato. Unapata punguzo la kodi la asilimia 20 ya riba hiyo tu. Mtu ambaye mshahara wake umeshafika ngazi ya asilimia 40 huko England, akikusanya kodi ya nyumba 1,100 kwa mwezi na kulipa riba 700, anaona 400 mkononi, yaani 4,800 kwa mwaka. Kodi ya mapato ni asilimia 40 ya pango la mwaka, 13,200, sawa na 5,280, toa punguzo la 1,680 (asilimia 20 ya riba ya mwaka, 8,400), inabaki 3,600. Mkononi zinabaki 1,200 kwa mwaka mzima, na boila bado haijaharibika.

Unamfaa pia mtu ambaye kipato chake huja kwa mawimbi, mwenye biashara au anayelipwa bonasi kubwa, ikiwa kweli ana nidhamu. Mwezi mbaya analipa riba, mwezi mzuri anapunguza deni. Benki nyingi zinaruhusu kulipa ziada hadi asilimia 10 ya deni kwa mwaka bila faini katika kipindi cha riba isiyobadilika, lakini sharti hilo lisome kwenye mkataba wako mwenyewe. Ukitupa 4,000 kwenye deni letu la mfano, rejesho linashuka kama pauni 17 kila mwezi kuanzia hapo.

Kwa familia changa inayonunua nyumba ya kuishi kwa sababu rejesho la kawaida haliwezekani, mimi nasema hapana. Kama 1,169 zinawashinda leo, hizo 336 za kuwekeza zitatoka wapi? Zitaliwa, na si kwa ubadhirifu, zitaliwa na maisha. Na ukisema utakaa kwenye riba tu miaka 5 kisha ugeuze, rejesho la miaka 20 inayobaki litakuwa 1,320, yaani kubwa kuliko lile lililokushinda mwanzo. Afadhali nyumba ya bei ndogo zaidi, au subirini mwaka.

Kuna njia ya katikati ambayo madalali hawaitangazi sana: kugawa mkopo. Nusu unailipa kikamilifu, nusu riba tu. Kwa mfano wetu rejesho ni kama 1,001, na mwisho unadaiwa 100,000. Kama una mpango wa kweli wa hizo 100,000, hii nimeiona ikiwafaa watu.

Ukikwama katikati

Mtu aliyepoteza kazi au anayeuguza ana haki ya kujua hili. Chini ya makubaliano yaliyofanywa Juni 2023 kati ya serikali na benki nyingi kubwa, mteja ambaye hajachelewa kulipa anaweza kuomba kulipa riba tu kwa miezi 6, bila kupimwa upya uwezo wake na bila rekodi yake ya mikopo kuguswa. Mwenye deni letu la mfano anayelipa riba na deni, akiwa amemaliza miaka 5 na anadaiwa kama 177,000, atashuka kutoka 1,169 hadi 738. Ikiisha miezi 6 rejesho litakuwa kama 1,187, na kwa jumla atakuwa ameongeza gharama ya kama pauni 1,500. Ni bei ninayoikubali kwa nusu mwaka wa kupumua. Ila piga simu kabla hujakosa rejesho, si baada.

Kwa wazee kuna aina nyingine, mkopo wa riba tu wa wastaafu, ambao FCA iliurahisishia njia mwaka 2018. Unalipa riba kila mwezi, na deni linalipwa kwa kuuza nyumba mkopaji wa mwisho akifariki au akihamia makao ya kulelea wazee. Sharti kubwa ni kuthibitisha kwamba pensheni inaweza kubeba riba, na kwa wenzi, kwamba yule atakayebaki peke yake ataweza. Watoto waelezwe mapema, wasije wakagundua siku ya kugawana mirathi.

Kabla ya kalamu

Omba karatasi ya maelezo ya mkopo, "mortgage illustration", kwa njia zote mbili, siku moja, benki moja, muda mmoja. Ziweke sambamba. Tazama jumla utakayolipa, si rejesho peke yake. Uliza faini ya kulipa mapema inaisha tarehe gani, uliza kama unaweza kugeuza kwenda malipo kamili bila ada, na uliza benki itakagua mpango wako wa malipo kila baada ya muda gani. Jibu la mdomo liombe kwa barua pepe.

Anayekushauri mhakiki jina lake kwenye rejesta ya FCA mtandaoni, hata kama ni mtu wa msikiti au wa kanisa lenu. Ushauri wa bure upo MoneyHelper, huduma inayoungwa mkono na serikali, na Citizens Advice kwa mwenye deni linalomlemea. Ukiona Kiingereza cha simu kinakuchanganya, omba mkalimani.

Na kama tayari uko kwenye riba tu na muda wako unaisha ndani ya miaka 10, usisubiri barua. Pigia benki simu wiki hii, uliza tarehe kamili ya mwisho na kiasi kamili, kisha uliza kugeuza sehemu ya deni sasa kutakugharimu kiasi gani kwa mwezi. Dawa ya deni ni kulipa, na katika miaka 10 bado unayo nafasi ya kuanza na pauni 100.